Jinsi ya kugundua mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa kwenye fomu za Windows Forms

Mama mmoja, mhasibu wa saccos ya wafanyabiashara wa sokoni, aliniita siku moja akaniambia, "Mwanangu, hii mashine yako inasahau." Nikavuta kiti nikakaa kando yake. Akafungua rekodi ya mwanachama, akafuta namba ya simu ya zamani, akaandika mpya, akapeleka mausi juu na kubofya kile kitufe chenye picha ya disketi. Programu ikaandika "Imehifadhiwa". Akafunga dirisha, akalifungua tena. Namba ya zamani ilikuwa palepale.

"Umeona, mwanangu?"

Niliona, na niliumia. Fomu ile nilikuwa nimeijaribu mara nyingi sana nyumbani na haikuwahi kunifanyia hivyo. Tofauti ni kwamba mimi nikimaliza kuandika hubonyeza Tab kabla ya kuhifadhi, na mama yeye huenda moja kwa moja kwa mausi. Hiyo Tab moja ndiyo iliyokuwa ikinificha ukweli.

Mwongozo huu unahusu fomu za namna hiyo: Windows Forms (madirisha ya programu za Windows) kwa C#, vidhibiti (visanduku, orodha na kadhalika) vimefungwa na `DataSet`, yaani nakala ya data iliyo kwenye kumbukumbu, kupitia `BindingSource`, kiungo kati ya fomu na data hiyo. Teknolojia hii si changa. Windows Forms ilikuja na .NET ya kwanza mwaka 2002, na `BindingSource` ikaongezwa kwenye toleo la 2.0 mwaka 2005. Lakini bado inafanya kazi hata kwenye .NET za sasa, na programu nyingi za ofisini zimejengwa juu yake. Ukitumia Visual Basic, majina ni yaleyale.

Hatua ya 1: Ijue safari ya thamani

Usiandike hata mstari mmoja wa msimbo kabla hujaelewa hili, maana makosa yote ya baadaye yanatoka hapa. Namba aliyoandika mama haiendi kwenye hifadhidata kwa hatua moja. Inapita vituo.

Kituo cha kwanza ni kisanduku chenyewe cha maandishi. Namba iko kwenye skrini, lakini data haijui chochote. Kwa kawaida, sifa ya `DataSourceUpdateMode` huwa `OnValidation`, maana yake kisanduku kinakabidhi thamani yake pale tu mtumiaji anapokiacha na kuhamia kidhibiti kingine.

Kituo cha pili ni toleo la `Proposed` la rekodi, yaani pendekezo. Thamani imeingia kwenye rekodi, lakini rekodi bado iko katikati ya uhariri. Ukiiuliza `RowState` yake, yaani hali yake, wakati huu, itakujibu `Unchanged`. Na kama ni rekodi mpya iliyoanzishwa na `AddNew`, itakujibu `Detached`, kana kwamba haimo kabisa kwenye jedwali.

Kituo cha tatu ni `Current`. Hapa `EndEdit` imeitwa, pendekezo limekubaliwa, na `RowState` imekuwa `Modified` au `Added`. Pembeni yake kuna `Original`, nakala ya thamani kama ilivyotoka kwenye hifadhidata, ambayo haiguswi hadi `AcceptChanges` iitwe.

Kituo cha mwisho ni hifadhidata yenyewe.

Sasa tazama `HasChanges()`, funksheni ambayo kila mtu huikimbilia. Inaangalia kituo cha tatu tu. Mabadiliko yaliyokwama kwenye kituo cha kwanza au cha pili haiyaoni. Ndiyo maana fomu inaweza kuapa kwamba hakuna kilichobadilika huku namba mpya inang'aa kwenye skrini.

Hatua ya 2: Shusha thamani kabla ya kuuliza

Kitufe cha disketi kilichomtesa mama kiko kwenye upau wa zana, `ToolStrip`. Vitufe vya upau huu vina tabia moja ambayo ni lazima uikariri: ukivibofya, havichukui kishale cha kuandikia kutoka kwenye kisanduku. Kishale kinabaki palepale kinapepesa. Kwa kuwa kisanduku hakijaachwa, hakijakabidhi kitu. Kitufe cha kawaida, `Button`, huchukua kishale, na ndiyo maana fomu yenye kitufe cha chini hufanya kazi vizuri na ile yenye upau wa juu husahau. Njia za mkato za menyu kama Ctrl+S zina ugonjwa uleule.

Dawa ni kushusha thamani kwa mkono, kwa mpangilio huu:

```csharp
private bool Teremsha()
{
    if (!Validate()) return false;
    try
    {
        wanachamaBindingSource.EndEdit();
        return true;
    }
    catch (DataException ex)
    {
        lblKosa.Text = ex.Message;
        return false;
    }
}
```

`Validate()` inatoa thamani kisandukuni na kuipeleka kwenye pendekezo. `EndEdit()` inatoa pendekezo na kulipeleka kwenye `Current`. Ukigeuza mpangilio, `EndEdit` inaweza kukuta pendekezo ambalo bado halijapokea kile kilichoandikwa mwisho.

Usipuuze jibu la `Validate()`. Nimeona msimbo mwingi unaoiita na kuendelea tu, jibu limetupwa. Ikirudisha `false`, kuna kisanduku ambacho kimekataa, na chochote utakachohifadhi baada ya hapo hakitakuwa kile anachokiona mtumiaji.

Kizuizi cha `catch` nacho si pambo. Rekodi mpya isiyo na jina, wakati safu ya jina hairuhusu kuwa tupu, itatupa `NoNullAllowedException` hapohapo kwenye `EndEdit`. Namba ya uanachama iliyojirudia itatupa `ConstraintException`. Zote mbili ni watoto wa `DataException`, kwa hiyo mtego mmoja unazinasa.

Kama fomu ina jedwali mama na jedwali mtoto, kwa mfano mwanachama na mikopo yake, kila `BindingSource` inahitaji `EndEdit` yake. Anza na jedwali mama. Mkopo hauwezi kuingia kabla mwenye mkopo hajaingia.

Kuna wanaoshauri kubadili `DataSourceUpdateMode` iwe `OnPropertyChanged` kila mahali ili tatizo liishe. Kwa visanduku vya tiki na orodha kunjuzi nakubali kabisa, na mimi hufanya hivyo, kwa sababu mtu akichagua "Ndoa" kwenye orodha anaona amekwisha chagua. Kwa visanduku vya fedha na tarehe sikubali. Kila herufi inayoandikwa itajaribiwa kugeuzwa kuwa namba, na mtumiaji anayeandika kiasi atasumbuliwa kabla hajafika mwisho.

Na hapo kwenye fedha kuna jambo linaloleta kesi nyingi. Mhasibu aliyezoea daftari ataandika "10,000/=" kama anavyoandika kwenye risiti. Kompyuta haiwezi kuigeuza hiyo kuwa `decimal`. Kama ufungaji wako wa kisanduku na data (binding) hauna `FormattingEnabled = true`, thamani ya zamani inarudi kimyakimya, bila onyo lolote. Ukiwa nayo, kisanduku kinakataa kuachwa, ila nacho hakisemi kwa nini, na mtu anabaki anabonyeza Tab bila kwenda popote. Kwa hiyo washa `FormattingEnabled`, kisha sikiliza tukio la `BindingComplete` la `BindingSource` na uonyeshe `ErrorText` kwa maneno ya kueleweka: "Andika kiasi kwa tarakimu tu, mfano 10000." Au bora zaidi, ondoa "/=" mwenyewe kwenye tukio la `Parse` na umwache mama aandike alivyozoea.

Hatua ya 3: Uliza data, usiulize vidhibiti

Njia inayowajia wengi kwanza ni kuweka bendera: `bool imebadilika`, kisha kuunganisha `TextChanged` ya kila kisanduku ili iiwashe. Nakuomba usifanye hivyo kwenye fomu iliyofungwa na data. `TextChanged` inawaka pia fomu inapojaza rekodi, na inawaka kila mtu anapohama kutoka mwanachama mmoja hadi mwingine. Utaanza kuweka bendera ya pili ya kuizima ya kwanza, kisha ya tatu, na kila kidhibiti kipya utakachoongeza kitahitaji kukumbukwa. Data tayari inazo nakala mbili, ya zamani na ya sasa. Zilinganishe.

`HasChanges()` baada ya kuteremsha haitakosa badiliko, lakini ina kasoro ya upande wa pili: inapiga kelele bure. Mama akifuta 7 ya mwisho kwenye namba ya simu, akasita, akairudisha 7 ileile, `RowState` itakuwa `Modified`. Rekodi imeandikwa upya, hata kama kilichoandikwa ni kilekile. Programu itamuuliza kama anataka kuhifadhi mabadiliko, naye anajua hajabadilisha kitu. Akiulizwa hivyo mara kumi, ya kumi na moja atabofya "Hapana" bila kusoma, na hiyo ndiyo siku aliyokuwa amebadilisha kweli.

Kwa hiyo linganisha thamani kwa thamani:

```csharp
private bool KunaMabadiliko()
{
    foreach (DataRow r in saccosDataSet.Wanachama.Rows)
    {
        if (r.RowState == DataRowState.Added ||
            r.RowState == DataRowState.Deleted) return true;

        if (r.RowState == DataRowState.Modified &&
            ImebadilikaKweli(r)) return true;
    }
    return false;
}

private static bool ImebadilikaKweli(DataRow r)
{
    foreach (DataColumn c in r.Table.Columns)
    {
        object zamani = r[c, DataRowVersion.Original];
        object sasa = r[c, DataRowVersion.Current];

        if (NiTupu(zamani) && NiTupu(sasa)) continue;
        if (!Equals(zamani, sasa)) return true;
    }
    return false;
}

private static bool NiTupu(object v)
{
    return v == DBNull.Value || (v is string s && s.Length == 0);
}
```

`NiTupu` ipo kwa sababu `DBNull` na maandishi yasiyo na herufi ni vitu viwili kwa kompyuta, ila kwa macho ya mtu ni kisanduku kitupu tu. Mtu akiandika kitu kwenye sanduku la barua kisha akakifuta, hajabadilisha chochote kwa maana yoyote inayomhusu.

Rekodi iliyofutwa inashughulikiwa kwanza kwa makusudi. Ukijaribu kusoma `Current` ya rekodi yenye hali ya `Deleted`, utapata `VersionNotFoundException`.

Kama jedwali lina picha ya pasipoti ya mwanachama, yaani safu ya `byte[]`, ongeza tawi lake. `Equals` kwenye safu ya baiti huangalia kama ni kitu kilekile kwenye kumbukumbu, haiangalii kama baiti zinafanana. Tumia `SequenceEqual`.

Na rekodi mpya isiyoandikwa kitu? Mtu amebofya "Mpya", akakumbuka jambo, akataka kufunga. Kabla ya kuteremsha, angalia kama `Current` ya `BindingSource` (rekodi iliyopo kwenye skrini, si kile kituo cha tatu) ni `DataRowView` yenye `IsNew` na safu zake zote ziko kama zilivyoanza. Ikiwa hivyo, ita `CancelEdit()` na usimsumbue mtu.

Wanaotumia Entity Framework, njia nyingine ya kushughulikia data kwenye .NET, badala ya `DataSet` wana kazi ndogo zaidi kwenye hatua hii: `ChangeTracker.HasChanges()` hulinganisha thamani zenyewe, kwa hiyo 7 iliyorudishwa haitaleta kelele. Hatua ya 2 bado inawahusu vilevile, kwa sababu kisanduku ni kilekile.

Hatua ya 4: Uliza pale mtu anapofunga

```csharp
private void Fomu_FormClosing(object sender, FormClosingEventArgs e)
{
    e.Cancel = false;

    if (e.CloseReason == CloseReason.WindowsShutDown)
    {
        AndikaRasimu();
        return;
    }

    bool imekubali = Teremsha();
    if (imekubali && !KunaMabadiliko()) return;

    var jibu = MessageBox.Show(
        "Kuna mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa. Uyahifadhi sasa?",
        "Wanachama",
        MessageBoxButtons.YesNoCancel,
        MessageBoxIcon.Warning);

    if (jibu == DialogResult.Cancel) e.Cancel = true;
    else if (jibu == DialogResult.Yes) e.Cancel = !(imekubali && Hifadhi());
}
```

Mstari wa kwanza unashangaza wengi. Kisanduku kikiwa kimekataa, tukio la `FormClosing` linakufikia `e.Cancel` ikiwa tayari ni `true`. Usipoirudisha `false`, mtu aliyeandika "10,000/=" anabofya X na dirisha halifungi, halisemi neno. Nimewaona watu wakizima kompyuta nzima kwa sababu hiyo.

Vitufe vitatu, siyo viwili. Lazima mtu awe na njia ya kusema "subiri, nilibofya kwa bahati mbaya". Fahamu pia kwamba maandishi ya vitufe hivyo hufuata lugha ya Windows iliyopo kwenye mashine. Kwenye mashine ya Kiingereza havitageuka Kiswahili kwa sababu swali lako ni la Kiswahili. Mimi hutengeneza kidirisha changu kidogo chenye vitufe "Hifadhi", "Usihifadhi" na "Rudi kwenye fomu". Mtu asiyesoma swali lote bado anasoma kitufe. Na ukiweza kumtajia kilichobadilika, mtajie: jina la mwanachama na safu, kwa mfano "Simu". Unazo tayari kwenye `ImebadilikaKweli`, unahitaji tu kuzirudisha.

Windows inapozimwa, usitoe swali. Mfumo hauna subira ya kungoja jibu, na mtu huenda ameshainuka kitini. Andika rasimu:

```csharp
private void AndikaRasimu()
{
    Teremsha();
    DataSet badiliko = saccosDataSet.GetChanges();
    if (badiliko != null)
        badiliko.WriteXml(njiaYaRasimu, XmlWriteMode.DiffGram);
}
```

Muundo wa `DiffGram` unabeba thamani za zamani na za sasa pamoja, kwa hiyo programu ikifunguliwa tena unaweza kuisoma rasimu ndani ya nakala tupu iliyotengenezwa na `Clone()`, kisha ukaiunganisha kwa `Merge` na kumwonyesha mtumiaji alipoishia. `Merge` inahitaji jedwali liwe na ufunguo mkuu, la sivyo utapata rekodi mbilimbili. Weka faili hilo kwenye folda ya mtumiaji mwenyewe, na ulifute mara baada ya kuhifadhi, kwa kuwa ndani yake kuna taarifa za watu.

Umeme ukikatika, `FormClosing` haitokei kabisa. Kwenye ofisi isiyo na UPS, ita `AndikaRasimu` pia kila mtu anapohama rekodi. Usiiweke kwenye saa inayojirudia kila baada ya sekunde chache: `Teremsha` ikiitwa mtu akiwa katikati ya neno, kisanduku kinaweza kupangwa upya chini ya vidole vyake.

Hatua ya 5: Hifadhi bila kufuta ushahidi

Kosa moja hapa limepoteza data nyingi kuliko yote niliyotaja: kuita `AcceptChanges()` kabla ya `Update`, ile inayopeleka mabadiliko kwenye hifadhidata. Jina lake linadanganya. Halipeleki kitu kwenye hifadhidata. Linachukua `Current` na kuifanya `Original`, na kila rekodi inarudi kuwa `Unchanged`. Ukiita `Update` baada ya hapo, inakuta hakuna cha kupeleka, inarudi salama, na skrini inaandika "Imehifadhiwa".

Huna haja ya kuiita kabisa. `TableAdapter`, chombo kinachobeba data kati ya `DataSet` na hifadhidata, huiita yenyewe kwa kila rekodi iliyofanikiwa. Ikishindikana, kwa mfano mtumiaji mwingine amebadilisha mwanachama huyohuyo na ukapata `DBConcurrencyException`, rekodi inabaki `Modified`, `Hifadhi()` yako irudishe `false`, na fomu ibaki wazi na alichoandika mtu kikiwemo.

Hatua ya 6: Ijaribu kama mama

Weka Tab kando. Badilisha namba, bofya disketi kwa mausi, funga, fungua. Badilisha namba, bofya X papo hapo. Badilisha tarakimu moja, irudishe, bofya X: lisitokee swali. Bofya "Mpya", bofya X: lisitokee swali. Andika "10,000/=" kwenye kiasi, bofya X: ama ikubaliwe, ama useme kwa nini imekataliwa. Kwenye `DataGridView`, yaani jedwali la seli kwenye skrini, andika ndani ya seli na ubofye disketi seli ikiwa bado wazi. Kisha weka tiki kwenye seli ya tiki na ufanye vivyo hivyo. Seli za tiki mara nyingi zinahitaji `CommitEdit` ndani ya `CurrentCellDirtyStateChanged`.

Kisha mpe mtu atakayeitumia, kaa nyuma yake, na usimwambie abofye wapi. Mimi nilirudi sokoni na toleo lililorekebishwa, mama akabadilisha namba ileile na kwenda moja kwa moja kwenye X bila hata kugusa disketi. Swali likatokea: "Simu ya mwanachama imebadilika. Uihifadhi?" Akasoma kwa sauti, akabofya "Hifadhi", akafungua tena rekodi, akaweka kidole kwenye skrini na kufuata tarakimu moja baada ya nyingine hadi mwisho.